Sindano mara nane kwa bega moja: maoni yangu bila kutia chumvi

Naanza na nyota kabisa maana najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka zenu. Nyota nne kati ya tano. Sio kwamba sindano zimeniponya, hilo siwezi kuapa, ila kuna kitu kilitokea humo ndani sikukitegemea kabisa na huko kote nilikopita kabla hakuna aliyenigusia. Nyota ya tano nimeibana, sababu zipo nitazisema hukohuko mbele.

Kwa ambao hawajui, akupancha ndo ile tiba ya Kichina ya kuchomwa visindano vyembamba, unalala navyo kama nusu saa hivi halafu vinatolewa unaenda zako. Mi nilikuwa nawacheka watu wa hivi vitu, niliwaweka kapu moja na wasoma viganja. Kilichonishusha ni bega.

Bega la kulia, maumivu yanaanzia shingoni yanashuka mpaka kwenye kombe la bega kule nyuma, mwaka mzima na miezi minne. Sikuanguka, sikubeba kitu kizito, niliamka tu asubuhi moja siwezi kugeuza shingo nikasema itapita, haikupita. Siku nzuri ni kama kuna mtu kaweka kidole gumba pale anakandamiza taratibu na hachoki, siku mbaya yanapanda mpaka kwenye taya, na mume wangu anasema usiku nasaga meno mpaka namwamsha. Eksirei ikatoka safi. MRI safi, damu safi. Fizio nilienda wiki sita nikapata nafuu, nilipoacha yakarudi palepale kama vile yalikuwa likizo. Dawa za maumivu nimemeza mpaka tumbo nalo likaanza kudai haki yake. Daktari wa mwisho akapekua makaratasi yangu, akaniangalia, akasema huna kitu.

Jamani, huna kitu! Na mi siwezi hata kujifunga sidiria mwenyewe. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia, na nakumbuka vizuri kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, najiona kama mwongo niliyekuja kuwapotezea watu muda.

Sasa kabla ya hapa ninapopasifia nilipita sehemu nyingine kwanza, siitaji jina. Jamaa hakuniuliza hata swali moja zaidi ya "wapi panauma", akaniambia mara tatu tu utasahau kama ulikuwa na bega, lipia kumi kabisa upate punguzo. Hapo tayari hesabu haijakaa sawa, kama ni mara tatu zile saba za nini? Sindano sikuona anazitoa kwenye pakiti, zilikuwa tayari kwenye kisahani. Halafu akanishauri niache dawa zangu za presha ili "nguvu zitembee vizuri". Nilinyanyuka. Kama kuna kitu kimoja cha kubeba humu ni hicho, sindano zifunguliwe mbele ya macho yako, za kutumia mara moja na kutupwa, na mtu wa sindano akikwambia uache dawa uliyoandikiwa na daktari we chukua viatu vyako.

Hii ya pili nilipelekwa na mtu ninayemwamini. Sijui nilitegemea nini, joka limechorwa ukutani labda, nikakuta kachumba keupe, kitanda, kabati la chuma, na mama mmoja wa makamo amevaa ndala. Nikajua nitalala dakika mbili zijazo. Wapi! Nilikaa kwenye kiti karibu saa nzima ananihoji. Nalalaje, naamka saa ngapi usiku, choo kinakwendaje, hedhi je, nahisi baridi au joto, nakunywa dawa gani. Toa ulimi. Nikatoa ulimi mtu mzima mzima. Akanishika mapigo ya damu mikono yote miwili kwa vidole vitatu, katulia kimya kama anasikiliza redio ya jirani. Nikawa nacheka moyoni.

Halafu akauliza, "Lilianza lini, mwanangu?"

Nikamtajia mwezi.

"Mwezi huo nyumbani kwenu kulikuwa na nini?"

Nikasema hamna kitu mama. Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza, hakujaza ile nafasi, ndo ikabidi niijaze mwenyewe. Baba alikuwa amefariki wiki tatu kabla ya bega. Nilimuuguza miezi minane. Nikaanza kueleza, nikafika kwa kaka yangu, yule ambaye miezi minane yote alikuwa "bize" halafu akatokea siku ya mwisho anatoa amri nani akae wapi, na katikati ya sentensi mama wa watu akaninyooshea kidole begani bila kunigusa. "Liangalie." Nikageuza macho. Bega la kulia limepanda liko karibu na sikio. Sikujua. Nilikuwa naongea huku limenikunjamana hivyo na sijui limekaa hivyo mara ngapi kwa siku mwaka mzima.

Hapo ndo nikaacha kucheka.

Unajua sisi kwenye Kiswahili hili jambo tulishalijua zamani ila hatujisikilizi. Uchungu ni wa dawa mdomoni, uchungu ni wa mwanamke anayejifungua, uchungu ni wa kufiwa, neno ni hilohilo moja. Mtu mwenye jambo na mwenzake tunasema ana kinyongo, na nyongo iko wapi kama sio pale pale chini ya ini? Maneno makali yanakata maini. Yule mama akaniambia kwa Wachina hasira inakaa kwenye ini, huzuni kwenye mapafu, hofu kwenye figo, kuwazawaza kwenye wengu. Nikamwambia mama huko kwetu tumepishana nyumba moja tu. Akacheka sana. Sasa mi siamini kwamba huzuni yangu imehifadhiwa kwenye mapafu kama mzigo stoo, tusielewane vibaya, lakini kwamba watu wa lugha mbili zisizojuana wote walienda kutafuta majonzi yao tumboni na kifuani, hilo lilinikaa.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, maana mi ndo nilivyo, nikishikwa na kitu silali. Kuna shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, tangu 1979 maana yao ya neno maumivu ina vitu viwili, cha mwili na cha hisia, vyote pamoja, na walipoipitia upya 2020 waliviacha vyote viwili na wakaongeza kwamba mtu akisema anaumwa aheshimiwe kauli yake. Soma tena hapo we daktari wa huna kitu! Na kuna wale wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walioandika mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, habari za maumivu haziendi moja kwa moja ubongoni, zinapita getini, na ubongo nao una mkono wake pale, unaweza kulibana geti au kuliachia wazi. Kwa hiyo ukiwa na hofu, huna usingizi, una msiba, geti linabaki wazi na kila kidogo kinapita. Ndo maana ukijigonga siku ya furaha unasahau, na ukijigonga kidole kilekile siku uliyofukuzwa kazi unakaa chini unalia.

Maumivu yakikaa sana tena mishipa ya fahamu yenyewe inabadilika tabia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndo hivyohivyo. Pale begani nyoka anaweza kuwa alishaondoka zamani ila mwili unaona ung'ongo kila mahali, mkoba, mkanda wa gari, simu ikiita. Na maumivu ni ya kweli kabisa, hamna anayejifanya, ni kengele ndo imekuwa nyepesi mno. Hii hali siku hizi ina jina lake kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile mpya iliyoanza kutumika 2022, wanaitambua kama ugonjwa unaojitegemea sio dalili ya kingine. Laiti ningejua hilo siku ile ya ngazi.

Haya tuje kwenye sindano maana ndo mlichofuata.

Ni nyembamba kuliko unavyofikiria, unene wake kama robo milimita hivi, na haina tundu katikati kama ile ya kupigia dawa. Inakuja ndani ya kamrija ka plastiki, anakasimamisha kwenye ngozi anagonga kwa kidole, tap, imeshaingia na we bado unajiandaa kuogopa. Mara ya kwanza nililala chali. Moja kila mkono pale kati ya kidole gumba na cha shahada, moja kila mguu kati ya kidole kikubwa na cha pili, moja chini ya kila goti kwa nje, na moja katikati ya nyusi. Nyingi sikuzisikia. Ila ile ya mkono wa kulia aliposhusha kidogo na kuizungusha nikasikia kitu kizito kinavutika kinapanda mpaka kwenye kiwiko, hakichomi, ni kama ule mkono ulioulalia usiku. Nikasema mama hii vipi, akasema ndo naitafuta hiyohiyo, Wachina wanaiita de qi. Ikikuchoma kama shoti ya umeme sema, anairudisha nyuma.

Nililala fofofo pale kitandani. Nikakoroma, aliniambia mwenyewe.

Bega? Siku hiyo hamna chochote. Niwe mkweli.

Mara ya pili nililala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, chini naona sakafu na ndala za bluu za yule mama, moja mkanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Hizi za karibu na bega alizilaza, hakuzisimamisha, na fupi, maana akasema mapafu yako hapohapo chini. Anaweka huku ananiuliza vitu vidogovidogo. Baba alikuwa anaweza kutembea? Nikasema miezi ya mwisho hapana. Ulikuwa unamgeuzaje kitandani? Nikasema napitisha mkono huu chini ya mgongo wake, nahesabu tatu, namnyanyua.

"Mkono upi?"

Wa kulia.

Sasa nyie, mwaka na miezi minne kila daktari ananiuliza ulibeba kitu kizito najibu hapana. Hata hapo juu nimewaandikia hivyohivyo, angalieni. Nilimbeba baba yangu miezi minane, kila usiku mara tatu mara nne ili asipate vidonda vya kulala, na haikuwahi hata kunijia akilini kumhesabu kama kitu kizito.

Nikaanza kulia na siwezi kujifuta, mikono ina sindano. Machozi yanapita kwenye tundu yanadondoka sakafuni pembeni ya zile ndala, nayaona yanavyotua. Yule mama hakusema pole, hakusema nyamaza, hakuniambia kazi ya Mungu. Ndala ya bluu ikasukuma kitaulo taratibu kikakaa chini ya uso wangu, halafu akaendelea na kazi yake. Kama nyota hizi zinatolewa kwa kitu kimoja, zinatolewa kwa kile kitaulo.

Kwa hiyo ni misuli au ni msiba? Nimejiuliza sana na siku hizi naona swali lenyewe ndo bovu. Misuli ilichoka kwa kumnyanyua, ingepumzika wiki mbili tatu ingepona kama misuli mingine, lakini haikupumzika kwa sababu mwenye nayo hakupumzika, nilikuwa nimeikaza nimeishikilia vilevile kama bado kuna mtu wa kunyanyua. Na juu yake kaka.

Mara ya tatu lilizidi. Siku mbili nzima naumwa kama mwanzo nikataka kughairi. Mara ya nne kawaida. Ya tano ndo nikaona tofauti na haikuwa begani, ilikuwa usingizi, nililala saa sita mfululizo bila kuamka na meno hayakusagwa. Bega likafuata nyuma ya usingizi. Sa hivi nimemaliza ya nane, kama mwanzo ilikuwa saba kati ya kumi leo ni tatu, na sidiria nafunga mwenyewe. Katikati hapo nilirudia na mazoezi ya fizio kwa hiyo siwezi kuwadanganya kwamba ni sindano peke yake.

Maana tuseme ukweli kuhusu utafiti, na mi nilimpelekea yule mama mwenyewe. Wajerumani walifanya jaribio kubwa la maumivu ya kiuno wakalitoa 2007, watu 1,162. Kundi moja likachomwa sehemu halisi za Kichina, la pili likachomwa juujuu tu sehemu zisizo zenyewe, la tatu likapewa tiba ya kawaida ya hospitali, dawa na fizio na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu kundi la kwanza ni asilimia 47.6, la pili 44.2, la tatu 27.4. Umeona hapo? Za kweli na za uongo karibu sawa, na zote zimeipita tiba ya kawaida mbali sana. Kuna na uchambuzi uliokusanya majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827, ulitoka 2018, nao ulisema za kweli zinazipita za uongo lakini kwa kitofauti kidogo.

Nikamwambia mama nimesoma hata sindano za uongo zinasaidia. Akasema, "Kwa hiyo leo nikupe zipi?"

Sina jibu mpaka leo.

Ila kuna jaribio moja la Marekani la 2008 ndo naona limenieleza mimi. Walichukua watu 262 wenye matumbo yanayosumbua miaka, ile hali ya utumbo kukosa utulivu bila kidonda wala nini. Theluthi wakawekwa tu kwenye foleni wasubiri, theluthi wakapewa sindano za kuigiza zisizoingia mwilini na mtaalamu asiyeongea nao, theluthi za mwisho sindano zilezile za kuigiza lakini mtaalamu anakaa nao kwanza dakika 45, anauliza, anasikiliza, anashika mkono. Wiki tatu baadaye nafuu ya kutosha: foleni asilimia 28, sindano kimya 44, sindano na mazungumzo 62. Hamna sindano iliyoingia mwilini kwenye hayo makundi yote jamani. Saa moja ile kwenye kiti niliyokuwa naidharau inaonekana ilikuwa dawa.

Na sio kwamba watu wa hospitali wanaikataa yote, Uingereza mwongozo wao wa 2021 wa maumivu ya muda mrefu yasiyo na chanzo cha kueleweka umeiweka akupancha kati ya vitu vya kujaribu, pamoja na mazoezi na tiba ya mazungumzo, na umesema dawa kama paracetamol na jamii ya afyuni zisianzishwe kwa hali hiyo. Haohao Waingereza 2016 walisema kwa kiuno msiitumie. Kwa hiyo atakayekuletea jibu la ndiyo au hapana moja kwa moja ana kitu anauza.

Na kuna ile hadithi kila mtu anaisimulia kimakosa, eti mwandishi wa Marekani alipasuliwa China kwa sindano tu bila ganzi. James Reston huyo wa New York Times, Julai 1971, kidole tumbo, alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya kuchomwa. Sindano za Kichina zilikuja baada ya upasuaji, tumbo limejaa linamuuma, wakamchoma kwenye kiwiko na chini ya magoti akapata nafuu. Akaandika, Wamarekani wakaenda mbio. Yule wa sehemu ya kwanza alinisimulia toleo la kupasuliwa bila ganzi kwa macho makavu kabisa.

Sasa nyota ya tano. Kwanza chumba ni baridi na umevua nusu, nilisema mara mbili nikaletewa shuka mara moja. Pili ule muziki wa filimbi na maji yanayotiririka, ukiwa na sindano kumi na mbili mwilini na huwezi kunyanyuka maji yanayotiririka ni mateso, wenye kibofu mtanielewa. Tatu, na hii ndo kubwa, huyu mama ninayempenda hivi akianza kuongea anaponya kila kitu. Ugumba, pumu, kisukari, macho. Mama jamani! Kwa maumivu, kichefuchefu na kipandauso angalau kuna majaribio ya kuongelea, kwa hayo mengine nilikuwa naangalia dari. Nne, nilivilia damu mkononi kama mtu aliyebanwa na mlango, siku nne, ni kawaida wanasema ila ningeambiwa kabla.

Mwenye mimba aseme mapema, kuna sehemu kama ile ya mkononi kati ya gumba na shahada kwa desturi hazichomwi. Mwenye kunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Mwenye kifaa cha moyo asikubali zile za kuunganishwa na umeme. Madhara makubwa ni nadra ila yapo, mbaya kabisa ni sindano ya begani au kifuani kutoboa pafu, kwa hiyo asikuguse mtu asiye na mafunzo na leseni, na ukitoka hapo ukaanza kubanwa pumzi na kifua kinachoma usisubiri kesho. Na kama maumivu yako yana homa, unakonda, mkono unapoteza nguvu, au kifua kinabana kinashuka mkono wa kushoto, hiyo sio ya sindano wala ya kuongea, kimbilia hospitali. Mi nilienda kwenye sindano nikiwa nimeshapimwa kila kitu. Na kama unachobeba ni kizito mpaka unawaza kutokuwepo, tafuta mtu wa afya ya akili kabisa, huyu mama mwenyewe aliniuliza hilo mara ya kwanza, bila kuzunguka, akasema ningemjibu ndiyo angenipeleka kwingine siku hiyohiyo.

Nimeweka miadi nyingine mwezi ujao, moja tu, sio kumi.

Jana jioni simu iliita nikaona jina la kaka. Bega likapanda, nikaliona kabisa linavyopanda, kama mtu analivuta kwa kamba. Nikalishusha. Simu sikupokea, hiyo bado.